Gitaa la blues: sikiliza sauti inavyokufa

Wengi wetu tunanunua gitaa kavu, lisilo la umeme, kwa namna moja. Muuzaji anakukabidhi, unaburuza kodi moja kubwa (chord, nyuzi kadhaa zikilia pamoja) kwa nguvu, kisha mnanyamaza wote wawili kusikiliza mlio unavyokwenda. Ukikaa muda mrefu, mnatikisa vichwa kwamba hili ndilo. Mimi nilinunua langu la kwanza hivyohivyo, tumbo kubwa, sauti ya kujaza ukumbi, na kwa miaka mitatu nikaamini kwamba blues inanishinda kwa sababu ya vidole vyangu.

Blues ninayoizungumzia ni ile ya mtu mmoja na gitaa lake, iliyopigwa kusini mwa Marekani miaka ya 1920 na 1930 kabla magitaa ya umeme hayajashika nafasi. Humo gumba ndilo mpiga ngoma. Linashika besi bila kukatika, ama likihama kutoka uzi mmoja kwenda mwingine kama alivyopiga Mississippi John Hurt, ama likigonga uzi uleule mmoja kama Big Bill Broonzy. Vidole vingine vinaimba juu yake kwenye nyuzi nyembamba. Sasa fikiria uzi wa besi bado unavuma wakati pigo la pili limeshafika, na la tatu liko njiani. Mapigo yanapandana, na wimbo wa juu unazama. Ndiyo maana nasema mlio mrefu, ule tunaousifia dukani, ndio unaomharibia kazi mpiga blues.

Aliyenifumbua masikio ni mjomba wangu, ambaye hajawahi kujiita mpiga blues. Ana galatoni yake tangu ujana. Wakubwa wanalijua jina hilo: magitaa ya Gallotone yalitoka Afrika Kusini, yakaenea hadi jina la kiwanda likawa jina la chombo chenyewe. (John Lennon wa Beatles naye alianzia hapo; Gallotone Champion ndilo alilokuwa nalo Julai 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney.) Nilimpelekea mjomba gitaa langu kubwa nikampigia kipande nilichokuwa nakihangaikia. Alisikiliza kichwa kimeinama.

"Lina sauti nzuri," akasema. "Lakini mjomba, mbona halikuachii nafasi?"

Akachukua galatoni yake, kadogo, rangi imebanduka pale mkono unapoegemea. Alianza kwa gumba na kidole cha shahada tu. Kila pigo la besi lilikuwa fupi, mfano wa mtu anayegonga meza kwa kifundo cha kidole. Kati ya pigo na pigo palikuwa na upenyo, na wimbo ukawa unapita kwenye upenyo ule. Vidole vyake vilikuwa vinafanya mambo machache kuliko vyangu, na nilisikia mengi zaidi.

Mtindo ule aliupata kwenye sahani za santuri kutoka Katanga, huko Kongo. Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi, alipiga hivyo na akaimba kwa Kiswahili hikihiki chetu. Sisemi kwamba ile ni blues. Ila mkono wa kulia unafanya kazi ya ukoo mmoja, na anayekulia kwenye nyimbo zile hahitaji kufundishwa upya umuhimu wa gumba.

Ukitazama walichoshika wenye blues yao, utaona kitu kilekile. Picha ya Charley Patton inamwonyesha na Stella, gitaa la bei ya chini lililotengenezwa na kampuni ya Oscar Schmidt huko Jersey City. Lead Belly alipiga Stella kubwa ya nyuzi kumi na mbili. Robert Johnson, aliyerekodi nyimbo 29 kati ya 1936 na 1937 kule San Antonio na Dallas, alipiga picha ya studio akiwa na Gibson L-1, gitaa dogo la kiuno chembamba. Kiwanda cha Gibson chenyewe, enzi ya mdororo wa uchumi, kiliuza magitaa madogo ya bei nafuu kwa jina la Kalamazoo. Mengi ya bei hiyo, Stella na Kalamazoo pamoja, yalikuwa na jambo moja ndani ambalo mnunuzi halioni: vipande vya mbao vinavyoshikilia uso wa gitaa vilipangwa kama vidato vya ngazi. Mtindo wa kampuni ya Martin, ambao leo uko karibu kila mahali, unavipanga kwa umbo la X. Ngazi inabana uso usitetemeke kwa uhuru. Sauti inatoka kavu, inaruka mbele, inakufa mapema. Fundi atakwambia X ni bora, na kwa muziki mwingi yuko sahihi. Kwa gumba la blues mimi nachukua ngazi bila kusita nikiipata, ingawa kwa bei ya kati ni adimu.

Kinachopatikana kirahisi ni udogo. Usiangalie upana wa chini tu, maana utakudanganya. Gitaa la Martin la saizi 00 lina kama sentimita 36 sehemu pana, la 000 sentimita 38, na drednoti, lile kubwa ambalo Martin walianza kulitoa kwa jina lao mwaka 1931, ni karibu 40. Tofauti haionekani kubwa mpaka ushike kiuno na kina. Drednoti ina kiuno kipana na sanduku lenye kina cha sentimita 12 hivi, wakati 000 ina kama kumi na nusu. Hewa yote ile ya ziada ndiyo inayovuma.

Haki itendeke: wapo waliopiga blues kubwa kwenye magitaa makubwa. Reverend Gary Davis alipiga Gibson J-200, pipa la gitaa, na Lightnin' Hopkins alipiga J-50. Lakini Davis alipiga mitaani New York, alihitaji kusikika. Na mikono ile ilijua kunyamazisha nyuzi kwa kiganja na kwa kuinua vidole kwa wakati wake. Mimi na wewe tunajifunza baada ya kazi, saa tatu usiku, watoto wamelala. Gitaa linalonyamaza lenyewe linatupunguzia nusu ya mzigo.

Sasa pesa. Nikisema bei ya kati namaanisha kama dola 400 hadi 900 kabla ya usafiri na ushuru. Hapo jina ninalolitaja kwanza ni Guild M-120, uso, ubavu na mgongo vyote mahogani halisi, umbo dogo. Mahogani haina mng'aro wa sprusi, ile mbao nyeupe ya uso wa magitaa mengi; noti inatoka na mwili wake kisha inaondoka. Nililipiga kwa mara ya kwanza sebuleni kwa rafiki aliyerudi nalo kutoka Marekani. Niligonga uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, kwa gumba, mara nne, taratibu, na pigo la nne lilikuwa safi kama la kwanza. Nikaongeza wimbo juu. Nilisikia kila kitu nilichokosea, na nilifurahi, kwa sababu sasa niliweza kukirekebisha.

La pili ni Epiphone L-00, ndugu wa bei nafuu wa Gibson L-00 ya miaka ya 1930. Lina uso wa sprusi, kwa hiyo linajibu haraka na kwa ukali zaidi, na kuna watu blues yao inataka ukali huo. Yote mawili yana nyuzi fupi kidogo, karibu sentimita 63 kutoka nati (kipande cha mwisho wa shingo nyuzi zinapopitia) hadi daraja (kile kilichobandikwa usoni kushika nyuzi), dhidi ya 64 na nusu za drednoti. Sentimita moja na nusu inasikika kidoleni: uzi unalegea, unaupinda kwa urahisi, na kupinda uzi ndio kilio cha blues. Ukibahatika kukuta Martin 000-15M iliyotumika, ya mahogani tupu, kwa bei inayoshukia bajeti yako, chukua. Yamaha FS800 iko chini ya bei ya kati na siidharau hata kidogo. Sanduku lake ni jembamba, na pesa iliyobaki inalipa fundi.

Kuhusu shingo, pima upana kwenye nati. Mengi niliyotaja yana milimita 43. Mengine yana 44 na nusu, na kwa anayepiga kwa vidole milimita ile moja na nusu ni nafasi ya kweli. Mwenye vidole vinene asikubali kubembelezwa hapa.

Pambo la lulu, kifaa cha betri cha kunasa sauti, jaki ya kuunganisha kwenye spika: hivyo vyote vinakula pesa ambayo ingekwenda kwenye mbao. Viache.

Kuna jambo la Pwani ambalo waandishi wa Marekani hawatakwambia. Watengenezaji wanapendekeza unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na sisi wa Dar, Tanga na Mombasa tunaishi juu ya hapo muda mwingi. Mbao halisi inakunywa unyevu, tumbo linanyanyuka, daraja linapanda na nyuzi pamoja nalo. Gitaa langu kubwa masika moja lilipanda hadi nikashindwa kubana kodi ya F. Ninayoyafanya sasa: gitaa linalala ndani ya boksi lake gumu, na ndani yake naweka vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu, navibadilisha mara kwa mara. Haliachwi kwenye gari lililoegeshwa juani hata kwa dakika za kununua mkate, kwa sababu gundi ya daraja inalainika. Kama unajua hutaweza kulitunza hivyo, nunua lenye uso halisi na mgongo wa mbao za tabaka za kubandikwa, kama hiyo Yamaha. Halitakasirika upesi.

Ukipata la mtumba, chukua kipande cha karatasi ya daftari, jaribu kukiingiza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Kikiingia, daraja limeanza kubanduka. Tazama pia ule mfupa mweupe nyuzi zinapokalia: ukiwa umeshapunguzwa hadi karibu kulala na daraja, huku nyuzi bado ziko juu, ondoka, maana tiba iliyobaki ni kung'oa shingo na kuiweka upya, na bei yake inaweza kulifikia gitaa lenyewe. Kisha fanya jaribio langu. Gonga uzi wa sita kwa gumba ukihesabu kwa mguu, polepole, dakika nzima. Usibane, usinyamazishe. Ongeza noti mbili tatu kwenye uzi wa kwanza na wa pili. Ukizisikia zikiwa zimesimama peke yake, toa pesa.

Na kama tayari una drednoti na pesa hakuna, usilie. Funga nyuzi zilizochakaa kidogo badala ya mpya zinazong'aa, au tafuta nyuzi za nikeli, ambazo mlio wake ni mkavu kuliko wa shaba. Egemeza ubavu wa kiganja juu ya daraja, kiasi cha kugusa tu nyuzi tatu nene. Nimepiga hivyo mwaka mzima.

Mwakani, Mungu akipenda, natafuta dogo ambalo shingo yake inaungana na sanduku kwenye freti (vile vyuma vya kukata shingo) ya 12 badala ya 14. Kwenye muundo huo daraja linasogea hadi katikati ya tumbo na sauti inakuwa nene bila kuongeza sanduku. Mjomba ameshaniambia nisilipe hata senti kabla hajalishika yeye.