Mirija ya mashine itangulie dawa ya usingizi

Njia ya hewa inapopasuka kwa ajali, daktari wa upasuaji na daktari wa usingizi hugombea sehemu ile ile: mmoja anataka kushona pale pale ambapo mwenzake anataka kupitisha mrija wa kumpumulia mgonjwa. Mara nyingi mbinu za kawaida hutosha, kwani mrija unaweza kusukumwa ukapita penye mpasuko, au ukaingizwa upande mmoja ili pafu moja libebe kazi ya mawili. Sina ugomvi na mbinu hizo.

Ninachopinga ni mazoea ya kuikumbuka mashine ya moyo na mapafu, ile inayoitia damu oksijeni nje ya mwili, mambo yakiwa yameshaharibika. Mgonjwa anayepumua kwa shida bado anapumua. Akishalegezwa misuli kwa dawa, kisha mrija ukachomoza nje ya mpasuko badala ya kufika mapafuni, ubongo huanza kudhurika ndani ya dakika chache, ilhali kuingiza mirija minene ya mashine hiyo katika vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za paja na shingo, hata kwa mikono iliyozoea, kwa kawaida huchukua muda mrefu kuliko huo. Mashine iliyoegeshwa ukutani, haijajazwa maji wala kuunganishwa na mtu, ni pambo la chumba.

Hoja ya wanaosita ni nzito. Mashine kamili, ya aina ambayo daktari wa upasuaji John Gibbon aliitumia kwa mafanikio huko Philadelphia mwaka 1953, huhitaji heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) nyingi, na heparini kwa majeruhi anayevuja damu kichwani au tumboni yaweza kumuua. Lakini ekmo ya vena kwa vena, ambayo huchota damu, huitia oksijeni kupitia utando na kuirudisha huku moyo ukiendelea kudunda wenyewe, huweza kuendeshwa kwa heparini kidogo, na kwa saa kadhaa bila heparini kabisa. Tena matumizi haya si mageni: mgonjwa mtu mzima aliyeripotiwa mwaka 1972 nchini Marekani kuwa amepona kwa msaada wa muda mrefu wa mashine ya kuitia damu oksijeni kupitia utando, ingawa haikuwa ya vena kwa vena, alikuwa majeruhi wa ajali.

Jeraha la shingoni ambalo daktari analifikia kwa kisu na kupitisha mrija chini yake halihitaji mashine. Mpasuko ulio karibu na pale njia ya hewa inapogawanyika kuingia mapafu mawili, kwa mgonjwa asiyeweza hata kulala chali, ni jambo jingine: huyo awekewe mirija ya mashine kwa ganzi, akiwa macho, ndipo alazwe usingizi.