Je, umbo la 2²⁵⁵ − 19 ni udhaifu?
Hii ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizo chini ya 2²⁵⁵, yenye tarakimu 77. Mtaalamu wa usimbaji fiche Daniel Bernstein aliitumia mwaka 2006 kujenga Curve25519, mkunjo wa eliptiki (seti ya nukta zinazotimiza mlinganyo maalumu) unaolinda siri katika SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, WhatsApp na kwingineko. Alipima pia 2²⁵⁵ − 31 na 2²⁵⁵ + 95, akachagua hii kwa sababu 19 ni ndogo zaidi. Wapo wasioridhika: namba ya kulinda siri, wanasema, isiwe na umbo, yaani isiandikike kwa kanuni fupi hivi.

Faida ya umbo lenyewe haina ubishi. Hesabu za mkunjo hufanywa kwa baki za kugawanya kwa namba hii, na kutafuta baki kwa kawaida hudai kugawanya, kazi inayokula muda. Hapa 2²⁵⁵ huacha baki 19, hivyo chochote kinachozidi biti 255 huzidishwa kwa 19 na kujumlishwa na kilichobaki chini. Basi. Tena, namba hii ikigawanywa kwa 8 hubaki 5. Kwa hilo tu tunajua kwamba katika hesabu zake −1 ina kipeuo cha pili, ilhali 2 haina.

Kundi la Brainpool la Ujerumani, lililoweka viwango vya mikunjo ya aina hii, lilikwenda njia nyingine: namba zake tasa zilizalishwa kutokana na tarakimu za pai. Tahadhari hiyo ina msingi. Katika Diffie-Hellman ya kawaida (njia ya watu wawili kukubaliana siri moja hadharani), isiyo ya mikunjo, ipo chekeche maalumu, yaani mbinu ya hesabu inayotumia umbo la namba kufichua siri. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani na Ufaransa waliitumia dhidi ya namba tasa ya biti 1024 na kumaliza kwa miezi miwili na ushei. Ila namba ile, waliyoitengeneza wenyewe, kwa macho ilionekana ya kubahatisha kabisa! Umbo lake lilifichwa makusudi. La 2²⁵⁵ − 19 liko hadharani. Isitoshe, chekeche hiyo haifanyi kazi kwenye mkunjo huu, ambako shambulio bora linalojulikana kwa kompyuta za kawaida hudai hatua takriban 2¹²⁶, namba tasa iwe na umbo au isiwe nalo.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani husikika kwa nadra. Namba tasa ikikaribia kipeo cha 2, idadi ya nukta za mkunjo nayo hukaribia kipeo cha 2. Kundi la nukta linalotumika hapa, ambalo ni sehemu tu ya nukta zote za mkunjo, lina nukta 2²⁵² na ziada ya tarakimu 38 tu, kwa hiyo baada ya biti ya kwanza hufuata sifuri zaidi ya mia moja. Kadi yenye chipu hukinga siri yake kwa kuiongezea zao la idadi hiyo na namba ya kubahatisha. Namba hiyo ikiwa fupi, tuseme biti 32, sehemu ya katikati ya siri hubaki bila kufunikwa.

Kwa seva na simu, naona Bernstein ana haki. Kwa kadi iliyo mikononi mwa mshambuliaji anayepima umeme wake, Brainpool wana hoja: namba ya kufunikia inabidi ifike takriban biti 128, hesabu inarefuka kwa karibu nusu, na sehemu ya kasi iliyoletwa na ile 19 inarudishwa papo hapo.