Dadu ya kulenga: ibaki au iondolewe?

Chukua mpiganaji wa ngazi ya 1 katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, toleo la 5 la mwaka 2014. Ana nguvu 16 na upanga mrefu, na mbele yake yupo goblini, jini dogo la vitani, mwenye kinga 15 na pointi 7 za uhai. Mchezaji anarusha dadu ya pande 20, ndiyo dadu ya kulenga, na kuongeza 5. Jumla ikifika 15, pigo limempata. Ndipo anaporusha dadu ya pande 8, anaongeza 3, na kupunguza jumla hiyo kwenye uhai wa adui. Kwenye dadu ya kwanza anahitaji 10 au zaidi, kwa hiyo katika kila mapigo 100 ataambulia patupu mara 45 hivi. Kukosa mara mbili mfululizo hutokea karibu mara moja kwa tano. Kama mezani mpo watano na mzunguko mmoja unakula dakika 10, mchezaji huyo amekaa dakika 20 bila kubadilisha chochote.

Hoja ya wanaotaka dadu hiyo iondolewe inaanzia hapo, na ina uzito. Katika mchezo wa Into the Odd (2014) na ule wa Cairn uliotokana nao, hakuna kulenga. Unarusha dadu ya silaha, unatoa deraya ya adui, ambayo haizidi 3, na kinachobaki kinakula uhai. Uhai ukiisha, ziada inaingia kwenye Nguvu, na mhusika anarusha dadu ya pande 20 kuona kama ataendelea kusimama. Pambano huisha upesi, na watu hufikiri mara mbili kabla ya kuchomoa panga, maana adui naye hakosi.

Hakosi? Tazama hesabu vizuri. Dadu ya pande 6 ikikutana na deraya ya 3, basi 1, 2 na 3 zote zinaleta sifuri. Nusu ya mapigo yamepotea, zaidi hata ya yale ya kwa goblini, na wastani wa madhara ni pointi 1. Kisu chenye dadu ya pande 4 kinapenya mara moja kwa nne, tena kwa pointi hiyo moja. Ajabu yake ni kwamba katika Ulaya ya karne ya 15 kisu ndicho kilichopenyezwa kwenye maungio ya deraya ya chuma. Kwenye Dungeons & Dragons deraya inapunguza uwezekano wa kupatwa, si ukubwa wa jeraha, hivyo mwenye kisu bado ana nafasi yake.

Tatizo jingine ni wingi wa maadui. Goblini wanne wenye dadu ya pande 6 kila mmoja, dhidi ya deraya ya 1, wangetoa wastani wa pointi 10 kwa mzunguko, na mhusika mpya wa Cairn ana uhai wa dadu moja ya pande 6. Ndiyo maana kanuni inasema wote wakimshambulia mtu mmoja, warushe pamoja na ihesabiwe dadu kubwa kuliko zote. Wastani unashuka hadi 4.2 hivi. Msimamizi wa mchezo anayesahau sentensi hiyo ataua kundi zima kabla chai haijapoa.

Kosa ninaloliona kubwa zaidi ni kung'oa dadu ya kulenga kwenye toleo la 5 na kuacha mengine yalivyo. Goblini anaongeza 4 kwenye dadu ya kulenga. Mpiganaji mwenye deraya ya minyororo na ngao ana kinga 18. Goblini wanne, wakilenga, wanatoa wastani wa pointi 8.4 kwa mzunguko. Wasipolenga, ni 22, na mpiganaji ana 12 tu. Ngao na deraya zimegeuka mapambo, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa ndani ya dadu iliyoondolewa.

Kwa michezo yenye uhai mwingi, naona afadhali dadu ibaki na kukosa kupewe thamani. Mchezo wa 13th Age (2013) mara nyingi humpa aliyekosa madhara sawa na ngazi yake. Kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons cha 2024 kina umahiri wa silaha unaoruhusu upanga mkubwa kukwaruza hata ukikosa: mwenye nguvu 16 anatoa 3. Goblini aliyebaki na pointi 3 anaanguka bila kurusha dadu ya pili.

Na kama kinachokuudhi ni muda, rusha dadu ya kulenga na ya madhara kwa mkupuo mmoja, rangi moja kwa kila shambulio. Ya pande 20 ikishindwa, ile nyingine isisomwe.