David Cassidy: sauti ilikuwa yake, faida ilikuwa ya nani?

David Cassidy, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, alipofariki Florida tarehe 21 Novemba 2017, akiwa na miaka 67, waliomkumbuka waligawanyika. Kuna waliomwona kijana aliyetengenezwa na televisheni, sura nzuri iliyouzwa kwa wasichana wadogo. Wengine walimlilia kama mhanga wa televisheni hiyohiyo, aliyenyonywa kisha akaachwa. Pande zote zina hoja, lakini naona zote zinampunja jambo moja: uimbaji wake.

Nianze na shutuma ya ubandia, maana ndiyo inayorudiwa zaidi. The Partridge Family, kipindi kilichoanza kuonyeshwa na kituo cha televisheni cha ABC cha Marekani Septemba 1970, kilihusu mama mjane na watoto wake watano walioanzisha bendi na kuzunguka nchi kwa basi la rangi za kuwaka. Wazo lilitokana na familia halisi ya wanamuziki, The Cowsills. Cassidy aliigiza kama Keith, kaka mkubwa. Mama alikuwa Shirley Jones, ambaye hata nje ya kamera alikuwa mama yake wa kambo. Kwenye skrini watoto walishika magitaa. Studioni waliopiga ni wanamuziki wa kukodiwa wa Los Angeles, kina Hal Blaine na Joe Osborn, mafundi hasa, na waitikiaji nao walikuwa wa kulipwa. Kwa hiyo ni kweli, bendi haikuwepo.

Ila mpango wa mwanzo ulikuwa Cassidy naye asiimbe. Alichukuliwa kama mwigizaji, achezeshe mdomo tu huku sauti zikiwa za watu wengine. Ni yeye aliyemshawishi prodyuza Wes Farrell ampe nafasi. Matunda yake ni "I Think I Love You", wimbo uliokaa namba moja Marekani kwa wiki 3 mwishoni mwa 1970. Usikilize vizuri. Anaanza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyegutuka usingizini na hataki wengine waamke, na hofu inatangulia mapenzi. Kiitikio kikifika ndipo anafungua kifua. Namna ile ya kuubeba wimbo haitoki kwa mpiga picha wala kwa kinyozi. Wasichana walioupenda wimbo ule hawakudanganywa.

Hata hivyo, lazima nikiri uzito wa hoja ya upande wa pili: kipaji peke yake kisingemfikisha pale. Waimbaji wenye koo nzuri kuliko lake walikuwa wengi Marekani, na hawakuwa na kipindi cha kuwaingiza sebuleni kwa watu kila Ijumaa usiku. Wala Cassidy hakuwa mtoto wa mashambani asiyeijua biashara hii. Baba yake, Jack Cassidy, na mama yake, Evelyn Ward, wote walikuwa waigizaji.

Kwenye fedha ndipo upande wa kampuni unaponishinda kuutetea. Mkataba wa kwanza ulimlipa dola 600 kwa wiki. Mtu anaweza kusema huo ndio ujira wa mgeni, kipindi kingeweza kufeli na hasara ingekuwa ya kampuni. Nakubali, kwa siku ile ya kusaini. Lakini baada ya muda mfupi uso wake ulikuwa kwenye mabango, kadi na visanduku vya chakula vya wanafunzi. Mkataba ulijadiliwa upya baada ya kubainika kwamba aliusaini kabla hajafikisha miaka 21, umri wa utu uzima kisheria wakati ule. Na bado mwaka 2011 alikwenda mahakamani kuidai Sony, kampuni iliyorithi haki za kipindi, sehemu yake ya mauzo ya bidhaa hizo. Mzee wa miaka 61 anadai ujira wa ujana wake! Hilo linaniuma.

Kisha kuna tamasha lake katika uwanja wa White City, London, 26 Mei 1974. Umati ulisukumana mbele ya jukwaa, mamia wakahitaji huduma ya kwanza, na msichana wa miaka 14 akafariki siku chache baadaye. Simbebeshi mwimbaji mzigo huo. Lakini waliouza tiketi walijua hadhira yao ni watoto.

Je, umaarufu ndio uliomwua? Pombe ilimwandama hadi mwisho, na kati ya 2010 na 2014 alikamatwa zaidi ya mara moja kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Ni rahisi kuitwisha televisheni lawama zote. Mimi nasita. Mdogo wake kwa baba, Shaun Cassidy, naye alikuwa kipenzi cha vijana na nyota wa televisheni, akashika namba moja Marekani mwaka 1977, na baadaye akawa mwandishi na mtayarishaji wa vipindi. Baba yao pia alikuwa mnywaji. Ugonjwa wa pombe una mizizi mingi, na kumfanya marehemu mhanga mtupu ni kumnyima hata yale aliyoyaamua mwenyewe.

Kwa maana aliamua mengi. Aliachana na ziara kubwa akiwa na miaka 24, kilele hakijapoa. Kwa jina lake mwenyewe alishika namba moja Uingereza mwaka 1972, na tena 1973. Mwaka 1993 alipanda jukwaa la Broadway, New York, katika mchezo wa nyimbo Blood Brothers, akicheza pacha na huyohuyo Shaun, akiimba mbele ya hadhira usiku baada ya usiku. Wanaoandaa vipindi vya kumkumbuka waanzie hapo, na picha zake za polisi waziache.