Potwe na Masharubu Yangu

Masharubu yangu yalikuwa na umri wa miaka 11 siku niliyoyapeleka Kilindoni kuogelea na papa potwe. Nayataja mapema kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki hudhani mkosaji ni potwe. Potwe wa watu hana kosa lolote.

Ilikuwa Desemba, ndio msimu wenyewe. Kuanzia Oktoba hivi mpaka Februari au Machi, potwe husogea karibu kabisa na upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, wakifuata uduvi na dagaa. Hakuna haja ya kwenda mbali. Mara nyingine boti iliyo juu ya potwe unaiona ukiwa umesimama ufukweni na kikombe chako cha chai.

Tulikuwa abiria sita, nahodha, na mwongozaji, kijana wa palepale. Kabla injini haijawashwa akatusomea masharti. Usimguse. Kaa mita 3 kutoka ubavuni, mita 4 kutoka mkiani, maana mkia ule hupiga kwa pembeni na hauangalii nyuma. Usimkate mbele. Kamera zisiwe na flashi. Akizama, mwache, usimfuate. Na ukiingia majini, teleza polepole, usiruke.

Kisha akagawa miwani ya kuzamia na mirija, akatufundisha kuipima. Unaibandika miwani usoni bila kuvaa mkanda, unavuta hewa kidogo kwa pua, unaachia mkono. Ikiganda, ni saizi yako. Bibi mmoja wa Kijerumani, mwenye miaka sabini na ushei, yake iliganda kama ruba. Yangu ikaangukia mapajani. Nikarudia. Ikaangukia mapajani tena.

"Mzee, ni masharubu hayo," kijana akasema kwa adabu zote. "Nywele zinaingia chini ya ukingo wa silikoni, maji yanapata uchochoro. Nikupe mafuta upake hapo juu ya mdomo, yatasaidia kidogo."

Mimi mtoto wa Pangani, niliyekulia mtoni na baharini, nipakwe mafuta mdomoni kama mtoto wa chekechea? Nikamwambia asijali, dawa ni kukaza mkanda. Nikaukaza mpaka nikahisi masikio yanataka kusalimiana kisogoni. Leo najua nilichofanya: mkanda ukizidi kukazwa, ule ukingo laini hujikunja, na maji yaliyokuwa yakipita uchochoroni yanafunguliwa barabara ya lami. Mkanda kazi yake ni kuishika tu miwani isipotee. Kinachozuia maji ni ukingo kulala juu ya ngozi tupu. Kwangu palikuwa na kichaka.

Nahodha akaenda taratibu, macho kwa ndege na kwa mabaka meusi juu ya maji. Haukupita muda mrefu nikaona mapezi mawili yamechomoza, yamepishana kama urefu wa bajaji.

"Wawili!" nikapiga kelele.

"Mmoja, mzee. La mbele la mgongoni, la nyuma ncha ya mkia."

Nikanyamaza na kuanza kupiga hesabu. Kama pezi mpaka mkia ni bajaji nzima, na kichwa bado kiko mbele huko, huyu ni mita 6 au 7. Kijana akasema huyo ni dume changa tu, wengi wa Kilindoni ndivyo walivyo. Mkubwa kamili huweza kupita mita 12. Hakuna aliyemuuliza, lakini akasema.

Boti haimfukuzi potwe kwa nyuma. Inazunguka kwa mbali, inamtangulia pembeni mwa njia yake, injini inaachwa bila gia, nanyi mnateremka mkimsubiri apite. Wenzangu wakakaa ukingoni, wakavaa yale mapezi ya plastiki dakika ya mwisho, wakateleza mmoja mmoja bila hata kuchafua maji. Mimi nilikwishayavaa tangu tunatoka ufukweni, na nilikuwa nimekaa upande wa pili. Nikasimama niwafuate. Sasa ukiwa na mapezi miguuni hutembei kwa mbele, unarudi kinyumenyume au unabaki ulipo. Hatua ya pili nikajikanyaga. Nisingeita kuruka kule, nilimwagika. Bibi wa Kijerumani baadaye alisema alidhani nanga imetupwa.

Potwe hakukurupuka. Aliinamisha kichwa, akashuka, kama mwenye nyumba aliyechungulia, akamwona anayemdai, akarudisha pazia.

Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Tukapanda, tukatafuta tena, na baada ya robo saa tukampata mwingine. Safari hii niliteleza vizuri kabisa. Shida ikaanza sekunde ya tatu, maji yalipofika usawa wa pua ndani ya miwani.

Kuyatoa ni rahisi ukiwa umekaa nchi kavu unasikiliza: bonyeza fremu ya juu kwa vidole, inua uso kidogo, puliza kwa pua, maji yatatokea chini. Mimi nilibonyeza ya chini. Unapobonyeza ya chini, juu panafunguka, na Bahari ya Hindi inakaribishwa. Nikavuta pumzi kwa pua. Nikakohoa ndani ya mrija. Nikaivua miwani, nikaivaa kichwa chini miguu juu, nikaivua, nikaivaa. Nilipotulia, nilikuwa nimegeuka sijui naelekea Mafia au Rufiji.

Watu hudhani maji ya potwe ni ya buluu kama kwenye kalenda. Potwe anafuata chakula, na chakula kikiwa kingi maji huwa kama mchuzi wa mchicha. Siku ile ulikuwa unaona mita 4, labda 5. Kwa hiyo hakuna "yule anakuja kwa mbali". Palikuwa na kijani, halafu palikuwa na mdomo.

Mdomo wenyewe umekaa kwa upana, mbele kabisa ya kichwa, na ulikuwa wazi, uduvi wanaingia. Nilijua yote yanayopaswa kujulikana: koo lake ni jembamba, meno yake maelfu ni madogo mno, anachuja tu, hatafuni mtu. Nilijua. Miguu haikujua. Nikapiga ukelele.

Mrija wa plastiki mdomoni hugeuza ukelele kuwa baragumu. Nahodha aliapa alidhani ni boti ya Nyamisati inaingia bandarini.

Potwe akapinda kidogo tu, akanipita ubavuni akiwa na vidoa vyake vyote na remora wawili, wale samaki wadogo wa kujibandika, chini ya tumbo. Mita 3 zile? Mimi nilikuwa tayari kuzitunza, ila yeye hakuwepo wakati masharti yanasomwa. Nikajibana nisimguse, mkia ukapita mbele yangu taratibu kama mlango wa godauni, na mara tu ulipopita nikashika kitu cha kwanza kilichoelea nikakipanda. Kilikuwa ni yule bibi.

Alinibeba mpaka kwenye ngazi ya boti. Wengine walibaki majini kama dakika 20 wakiogelea sambamba na potwe kwa raha zao. Mimi nilikuwa ukingoni nairudishia bahari maji yake.

Bibi alikuwa na kamera. Vidoa vya potwe ni kama alama za vidole, kila mmoja na vyake, na watafiti huomba picha ya ubavu wa kushoto, pale nyuma ya matamvua. Programu huvilinganisha kwa mbinu iliyotoholewa kwa wanaastronomia wanaolinganisha nyota. Picha yake ilitoka safi: ubavu wa kushoto, mwanga mzuri, matamvua yote matano. Na palepale penye vidoa vinavyotakiwa, pezi la plastiki la bluu na unyayo wangu.

"Kesho tunatoka saa mbili, mzee," kijana akaniambia tulipofika ufukweni. "Sio lazima unyoe yote. Unatoa mstari mwembamba tu chini ya pua, upana wa kidole kidogo, ukingo upate pa kulala."

Jioni nikaingia kwa kinyozi pale Kilindoni, nikakaa kitini. Sijafungua mdomo, akanitazama kwenye kioo, alama nyekundu ya miwani imenizunguka uso mzima.

"Potwe?" akauliza, akachukua wembe.