Bangi halali: hesabu ya kodi na hesabu nyingine

Wanaotaka bangi ihalalishwe hupenda kuanzia kwenye hazina ya serikali. Magendo yanatajirika bila kulipa hata senti, wanasema. Basi wauzaji wapewe leseni, watozwe kodi, shule zijengwe. Ndivyo ilivyopigiwa kampeni Colorado, jimbo la Marekani, mwaka 2012, kwa ahadi kwamba dola milioni 40 za kwanza za ushuru wa mauzo ya bei ya jumla kila mwaka zingeenda kwenye majengo ya shule. Maduka yakafunguliwa Januari 2014, na fedha kweli zikaingia: ndani ya miaka kumi, zaidi ya dola bilioni 2.

Wasichokitangaza ni kwamba mauzo ya jimbo hilo yalifika kileleni mwaka 2021, takriban dola bilioni 2.2, kisha yakaanza kushuka. Bangi ni mmea tu. Kilichoipandisha bei ni hatari ya jela. Ukiiondoa hatari hiyo, bei inaanza kufuata gharama ya kulima, na jimbo jirani likihalalisha, wateja waliokuwa wakivuka mpaka wananunua kwao.

California ilikumbana na tatizo jingine. Maduka halali yalipoanza kuuza mwaka 2018, mteja alikatwa asilimia 15 za ushuru wa bangi, kisha asilimia 7.25 za kodi ya mauzo, na mji mara nyingi ulikuwa na tozo yake. Mkulima naye alilipa kodi kwa uzito wa mavuno, hadi ilipofutwa mwaka 2022. Miji mingi, tena, ilikataa kabisa maduka hayo. Sasa mteja aendeshe gari hadi mji wa pili akalipe zaidi, wakati muuzaji wake wa zamani anamletea mlangoni? Wengi hawakujisumbua.

Wapinzani nao wana hoja nzito, ingawa si ile ya kwamba kila mvutaji ataishia kwenye heroini. Hoja yao ya maana ni biashara yenyewe. Kampuni ya bangi haineemeki kwa mtu wa msokoto mmoja kwa mwezi. Inaneemeka kwa anayevuta kila siku, yaani huyohuyo ambaye madaktari wanamhofia zaidi kwa ugonjwa wa akili, hasa akiwa kijana. Tumeshaona pombe na sigara. Ujerumani ilijaribu kukwepa mtego huo: sheria yake ya Aprili 2024 inaruhusu kulima mashina matatu nyumbani na vyama vya wakulima visivyo vya faida, vyenye wanachama wasiozidi 500, lakini si maduka. Kodi inayopatikana hapo ni ndogo, na kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa kiungwana kuliko wa Colorado.

Kwa sababu hoja ya kodi, ingawa ndiyo inayovuta kura, ndiyo dhaifu kuliko zote. Yenye nguvu iko kwenye mafaili ya polisi. Uchunguzi wa ACLU, shirika la Marekani la kutetea haki za raia, uliotumia takwimu za 2010 ulionyesha kuwa Mmarekani mweusi alikuwa na uwezekano wa karibu mara nne zaidi ya mweupe kukamatwa kwa kuwa na bangi, ilhali wanaivuta kwa kiwango kinachokaribiana. Rekodi hiyo humfuata mtu anapoomba kazi, anapotafuta nyumba ya kupanga. Illinois ililiona hilo: Desemba 31, 2019, siku moja kabla ya maduka kufunguliwa, gavana JB Pritzker aliwasamehe watu zaidi ya 11,000 waliowahi kutiwa hatiani kwa bangi kidogo. Hakuna hata mmoja wao aliyetakiwa kwanza kununua chochote dukani.