Mguu umefika kikomo, au kipimo ndicho kilichofika?

Kuna sentensi ambayo huandikwa kwenye mafaili ya watu waliopata kiharusi, mara nyingi kati ya mwezi wa tatu na wa sita tangu kiharusi: "Mgonjwa amefikia kikomo cha maendeleo." Ikishaandikwa, mazoezi hupunguzwa au hukatwa, na familia hurudi nyumbani ikiamini kwamba mguu umetoa vyote ulivyokuwa navyo. Wanaoiandika si watu wakatili. Wana hoja, na wana tafiti za kutegemea. Ila nikizisoma tafiti hizo naona zimebebeshwa mzigo usio wao.

Hoja yao kwanza. Wiki za mwanzo ubongo huwa katika hali ya pekee: uvimbe unapungua, seli zilizozimia pembezoni mwa eneo lililokufa zinaanza tena kazi, na njia mpya za mawasiliano zinachipuka. Mengi yanayorudi, hurudi wakati huu. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2011 kwamba ukimtazama mgonjwa ndani ya saa 72 tu unaweza kukisia mbali sana. Anayeweza kukaa bila kuegemea kwa sekunde 30, na mguu wake uliopooza ukawa na nguvu kidogo, ana uwezekano wa karibu asilimia 98 wa kutembea mwenyewe baada ya miezi 6. Asiye na hayo yote mawili ana asilimia 27, na akifika siku ya tisa bado hana, inashuka hadi kama 10. Tarakimu hizi zinauma, lakini ni za kweli, na mtaalamu anayezificha hamsaidii mtu.

Kisha ipo ile takwimu inayonukuliwa kuliko zote, kutoka Copenhagen. Wagonjwa 804 walifuatiliwa, matokeo yakachapishwa mwaka 1995: asilimia 95 walifikia kiwango chao bora cha kutembea ndani ya wiki 11. Hapo ndipo wengi hufunga mjadala. Kama karibu wote wamefika kilele kabla ya mwezi wa tatu kwisha, ya nini kumsumbua mtu mwezi wa nane?

Swali ninalouliza ni hili: kilele cha nini? Kutembea kule Copenhagen kulipimwa kwa kipimo cha Barthel, orodha ya alama za uwezo wa mtu kujimudu katika shughuli za kila siku. Kwa upande wa kutembea, kipimo hicho kina ngazi chache mno: hawezi, anaweza kwa msaada, anaweza mwenyewe. Ukitembea kiasi cha mita 45 bila kushikwa, hata kama una fimbo, umepata alama zote. Hakuna ngazi ya juu zaidi. Sasa chukua watu wawili. Mmoja anakwenda sentimita 30 kwa sekunde, mwingine sentimita 90. Wa kwanza anamaliza mita hizo 45 kwa dakika mbili na nusu, wa pili kwa sekunde 50. Kipimo kinawapa alama ileile. Na kama mtu wa kwanza, kwa jasho la mwaka mzima, atageuka kuwa kama wa pili, kipimo hakitaona chochote. Kitasema alifika kilele wiki ya 11.

Tofauti hiyo si ndogo. Jacquelin Perry na wenzake walionyesha mwaka huohuo wa 1995 kwamba mtu aliye chini ya sentimita 40 kwa sekunde kwa kawaida huishia kutembea ndani ya nyumba, na anayepita sentimita 80 ndiye hutoka na kuzunguka kama watu wengine. Kati ya namba hizo mbili kuna kuvuka barabara, kuna kwenda msibani, kuna kurudi kazini. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya safari hiyo hufanyika juu ya ngazi ya mwisho ya kipimo tunachokitumia kutangaza kwamba safari imekwisha.

Mtazame kwa karibu mtu wa sentimita 30. Kiatu cha mguu uliopooza kimelika ncha ya mbele, kwa sababu kidole kinakwaruza sakafu kila mguu unapopelekwa mbele. Nyonga inainuka kuubeba, mguu unachora nusu duara kwa nje, na uzito unakimbilia upande usiopooza kabla ule mwingine haujakanyaga sawasawa. Akifika mlangoni husimama kwanza, akatazama kizingiti, ndipo anakivuka. Barthel inamwita huyu "huru".

Ushahidi ulionibadilisha zaidi ulitoka Marekani mwaka 2011, kwenye utafiti wa LEAPS ulioongozwa na Pamela Duncan. Watu 408 waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilianza mwezi wa pili tangu kiharusi kufanya mazoezi juu ya mkanda wa kutembelea (treadmill), huku mkaja ukipunguza uzito wa mwili. La pili lilifanya hivyohivyo, ila lilisubiri hadi mwezi wa sita. La tatu lilianza mwezi wa pili kufanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara nyumbani, likisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Mwaka ulipotimia, asilimia 52 ya wote walikuwa wamepanda ngazi ya kutembea, na hakuna kundi lililolishinda jingine. Wengi wakahitimisha kwamba mashine ya gharama haizidi mazoezi ya nyumbani, na ni kweli. Lakini litazame kundi la pili. Mwezi wa sita lilikuwa nyuma, kasi yake ikiwa imeongezeka kama nusu tu ya wenzake. Likaanza mazoezi wakati ambao faili lingeandikwa "kikomo", na mwaka ulipoisha lilikuwa limewafikia. Kama mlango ungekuwa umefungwa, lisingepita.

Nyongeza ikaja mwaka 2023, safari hii kwa watu ambao kiharusi chao kilikuwa na umri wa miezi 6 hadi miaka 5. Walikuwa 55 tu, nalo hilo tuliseme wazi. Wote walipimwa moyo kwanza, kisha wakafanya mazoezi ya kutembea mara tatu kwa wiki kwa wiki 12. Nusu walitembea kwa vipindi vifupi vya kasi ya juu kabisa waliyoiweza, nusu kwa mwendo wa wastani usiokatika. Kipimo kilikuwa umbali wa kutembea kwa dakika 6. Wiki ya nne wa kasi walikuwa wameongeza mita 27, wa wastani 12. Wiki ya nane, 58 na 29. Wiki ya 12, 71 na 27. Tazama hizo namba mbili za mwisho za kundi la wastani: 29, kisha 27. Limesimama. Mtaalamu ambaye angelifuatilia kundi hilo peke yake angeandika, kwa nia njema kabisa, kwamba watu hawa wamefikia kikomo, na chumba cha pili watu wa aina ileile wanaendelea kupanda. Kilichoisha ni nguvu ya dozi, yaani ya kiasi cha mazoezi wanachopewa.

Dozi yenyewe ni ndogo kiasi gani kwa kawaida? Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walikaa na kuhesabu, katika vipindi 312 vya mazoezi huko Marekani na Kanada. Wastani wa hatua pale kutembea kulipofanyiwa mazoezi ulikuwa 357. Hata ukimpa mgonjwa nusu mita kwa kila hatua, hiyo haifiki mita 180. Kwenye majaribio ya wanyama, yanayotupa imani kwamba ubongo unajipanga upya, hatua huhesabiwa kwa maelfu. Tunampa mtu sehemu ndogo ya dawa, halafu tunaandika kwamba dawa imemkataa.

Upande wa pili una jibu, tena zuri. Watasema: hiyo unayoiita maendeleo ni kuzoea, si kupona. Na kweli, vipimo vya umeme wa misuli vimeonyesha kwamba mtu anaweza kutembea vizuri zaidi huku mpangilio wa misuli ya mguu uliopooza ukibadilika kidogo sana. Kiwiliwili na mguu usiopooza ndivyo vilivyojifunza mbinu. Tena kuna utafiti wa mwaka 2021, wa watu 72, uliotoa saa 20 za ziada za mazoezi ya mkono kwa nyakati tofauti. Walionufaika zaidi ni walioanza mwezi wa pili au wa tatu. Walioanza baada ya miezi 6 hawakutofautiana na wasiopewa nyongeza. Huo ni ushahidi mzito, nami nakubali kwamba mkono unaweza kuwa na saa yake. Mguu una bahati kwamba kutembea kunaruhusu njia nyingi. Mgonjwa anataka kufika ng'ambo. Kama amefika kwa kuzoea, bado amefika.

Hoja inayonifanya nisite ni kuanguka. Kwenye LEAPS asilimia 57.6 ya washiriki walianguka angalau mara moja, na waliokuwa dhaifu zaidi wakaanzishwa mapema kwenye mkanda walianguka mara nyingi kuliko wengine. Kumwongezea mtu hatua bila kumwongezea uimara wa kusimama ni kumwongezea nafasi za kuanguka. Kwa hiyo dozi ninayoitetea haiwezi kuwa mkanda peke yake. Kipimo cha Berg cha uimara wa kusimama, chenye kazi 14 na alama 56, kinaonyesha palipo na hatari: kugeuka mzunguko mzima, kuokota kitu sakafuni, kusimama kwa mguu mmoja. Mtu anayetembea wima ukumbini anaweza kuyumba pale tu unapomwambia ageuke, kwa sababu kugeuka kunaudai mguu dhaifu ubebe mwili peke yake kwa nusu sekunde. Hilo nalo hufundishwa, kwa kurudiwa, na mtu akiwa karibu wa kudaka.

Mtu huyo wa kudaka ndiye gharama halisi. Utafiti wa ATTEND wa India, watu 1,250, matokeo mwaka 2017, ulijaribu kuikabidhi familia kazi ya mazoezi baada ya kuifundisha. Baada ya miezi 6 hapakuwa na tofauti kati yao na waliopata huduma ya kawaida: asilimia 47 kila upande walikuwa wamefariki au wanategemea wengine. Anayesema kwamba hakuna wataalamu wa kutosha kumfuatilia kila mtu mwaka mzima anasema jambo la kweli. Basi faili liseme hivyohivyo. Liandike: anatembea sentimita 30 kwa sekunde, anafika mita 110 kwa dakika 6, Berg 38, mazoezi yamesitishwa kwa kukosa nafasi, apimwe tena baada ya miezi mitatu.